Video Haili Kiapo: Simu ya Raia Mbele ya Mahakama

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu wa sheria, mawakili wenzangu, ndugu waandishi wa habari, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: hamjambo.

Kabla sijapanda hapa, binti mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza swali ambalo limenifanya niweke kando nusu ya niliyokuwa nimeyaandika. Alisema, "Wakili, nina video kwenye simu yangu. Niiweke mtandaoni au niipeleke mahakamani?" Nilimwomba anisubiri. Yote nitakayoyasema sasa ni njia ya kulifikia swali lake, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo mahakama zimehangaika nayo kwa zaidi ya miaka kumi: simu inayotoka mahakamani ikiwa imebeba habari, na simu inayoingia mahakamani ikiwa imebeba ushahidi.

Nianze na ile inayotoka, maana hiyo ndiyo nyepesi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya hakimu anaijua sauti ya askari wa kortini anayepita akisema, "Zimeni simu." Fikra iliyo nyuma ya agizo hilo ni ya zamani kuliko simu zenyewe. Uingereza, tulikorithi taratibu zetu nyingi, ilikataza kupiga picha mahakamani kwa sheria ya mwaka 1925, kisha ikakataza kurekodi sauti bila kibali kwa Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 1981. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyemfikiria mtu aliyekaa kimya, asiyepiga picha wala kurekodi, ila vidole vyake vinayaandika maneno ya shahidi na kuyatuma kwa maelfu ya watu kabla shahidi mwenyewe hajashuka kizimbani. Desemba 2011 Jaji Mkuu wa huko, ambaye kwa bahati njema aliitwa Lord Judge, yaani Bwana Jaji, alitoa mwongozo kwamba waandishi wa habari na wachambuzi wa sheria wanaweza kutuma maandishi kutoka mahakamani bila kuomba ruhusa, lakini mwananchi wa kawaida aombe kwanza. Ni mwongozo wa busara, na papo hapo ulizaa ugomvi mwingine, kwa sababu siku hizi mpaka kati ya mwandishi wa habari na mwananchi wa kawaida ni kama mpaka uliochorwa mchangani wakati wa maji kupwa.

Afrika Kusini ililikabili jambo hilo mbele ya dunia nzima katika kesi ya mwanariadha Oscar Pistorius, aliyeshtakiwa kwa kumuua mpenzi wake, mwaka 2014. Wiki moja kabla ya kesi kuanza, Jaji Dunstan Mlambo aliruhusu sauti ya kesi nzima itangazwe, lakini picha akazigawa: hoja za mawakili na hukumu zionekane, mashahidi wasioridhia wasionekane, na mshtakiwa asionyeshwe akitoa ushahidi wake. Kesi ilipokuwa imeanza, Jaji Thokozile Masipa alipiga marufuku kutuma ujumbe wa Twitter wakati mtaalamu aliyeupasua mwili wa marehemu akieleza majeraha, ili kulinda heshima ya aliyekufa; siku iliyofuata akaiondoa marufuku hiyo. Wapo waliomcheka. Mimi nilimheshimu zaidi, kwa kuwa ni jaji aliyejaribu mlango mbele ya watu, akaona haufungi, akakiri hivyo bila kisirani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilitengeneza kanuni kutokana na uzoefu huo katika kesi ya Van Breda, ikasema kwamba hofu ya jumla haitoshi kuifukuza kamera, na kwamba lazima madhara kwa haki ya mtu yaonyeshwe, kesi kwa kesi, shahidi kwa shahidi.

Hapa kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa hadharani, na ibara hiyo hiyo inairuhusu mahakama kuwatoa waandishi na umma pale inapobidi kuwalinda mashahidi au watu walio katika mazingira magumu. Katika kesi za kupinga matokeo ya urais za mwaka 2013, 2017 na 2022, Mahakama ya Juu iliziruhusu kamera kutangaza mubashara, na wengi wetu tulizifuatilia mabarazani, madukani na kwenye simu. Watu ambao hawajawahi kukanyaga korti walijifunza maana ya hati ya kiapo kwa kuisikia ikitajwa mara mia kwa siku. Naamini kwamba matangazo yale yalizima uvumi mwingi kuliko ambavyo amri yoyote ya kunyamazisha ingeweza, kwa sababu aliyeyaona kwa macho yake hakuhitaji kusimuliwa na jirani mwenye kutia chumvi.

Lakini kesi ya mwaka 2022 ndiyo inayonivusha kwenye jambo la pili, ambalo ndilo hasa nililojia. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeweka mtandaoni picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo cha kura, kutoka vituo 46,229, na kwa siku kadhaa kila mwenye bando na subira aligeuka mhesabu kura. Kisha likaja dai kwamba fomu za mtandaoni zilichezewa njiani. Mahakama haikuishia kubishana na dai hilo kwa maneno. Iliagiza fomu za asili zikaguliwe na kulinganishwa na zilizokuwa mtandaoni, na haikuona tofauti iliyodaiwa. Na zile kumbukumbu za kompyuta zilizoambatanishwa kwenye hati za kiapo ili kuthibitisha udukuzi, majaji walisema Septemba 5, 2022 kwamba nyingine zilikuwa za uchaguzi wa mwaka 2017 na nyingine zilikuwa za kughushi. Makaratasi hayo yalikuwa yameshazunguka mitandaoni kwa wiki nzima yakiaminiwa na watu wenye akili timamu. Yalikufa siku yalipoulizwa yalizaliwa wapi.

Hilo ndilo swali ambalo sheria huiuliza kila video, kila picha ya skrini na kila sauti ya WhatsApp: umezaliwa wapi, nani alikubeba, na ulipitia mikono ya nani hadi kufika hapa? Sheria haikuanza kuliuliza jana. Tanzania, mwaka 2000, katika Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, Jaji Nsekela alikabiliwa na karatasi zilizotoka kwenye kompyuta ya benki, na badala ya kusubiri Bunge akazipokea, akisema kwa jumla kwamba sheria haiwezi kujifanya haioni jinsi biashara inavyoendeshwa. Bunge lilimfuata baadaye, kwanza kwa marekebisho ya mwaka 2007, kisha kwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kenya iliongeza kifungu cha 106B kwenye Sheria ya Ushahidi mwaka 2009 na kifungu cha 78A mwaka 2014. Ukikisoma kile cha 18 cha Tanzania sambamba na kile cha 78A cha Kenya utaona vinafanana kama watoto wa mama mmoja, na mama mwenyewe ni sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara ya kielektroniki ya mwaka 1996. Vyote viwili vinasema kwamba ushahidi wa kidijitali usikataliwe kwa sababu tu si wa karatasi, lakini uzito wake utategemea ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na namna aliyeuanzisha anavyotambulika.

Kifungu cha 106B kinadai zaidi: cheti. Mtu mwenye dhamana juu ya kifaa au shughuli iliyotoa rekodi hiyo atie saini, aeleze kifaa ni kipi, rekodi ilitolewaje, na kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi ipasavyo. Ni karatasi moja, au mbili ukiandika kwa herufi kubwa. Lakini nimeona kesi zikifia kwenye karatasi hiyo, na moja ilikuwa yangu.

Mteja wangu alikuwa amepigwa nje ya duka. Kamera ya duka ilinasa kila kitu, na kijana muuzaji, kwa nia njema kabisa, aliichukua video hiyo kwa kuielekeza simu yake kwenye skrini, akaituma kwenye kundi moja la WhatsApp, ikahamia la pili na la tatu, na ilipomfikia mteja wangu ilikuwa imekatwa mwanzo na imeandikwa maneno ya kuchekesha juu yake. Mashine ya dukani ilikuwa imejifuta baada ya siku kadhaa, kama zinavyofanya mashine hizo. Kijana muuzaji alikuwa keshasafiri Qatar kwenda kufanya kazi ya ulinzi. Nilisimama mbele ya hakimu na video ambayo mji mzima ulikuwa umeiona, isipokuwa mahakama, na mahakama ikaikataa. Nilikasirika siku ile, nikamlaumu hakimu moyoni hadi nyumbani. Usiku nilipotulia nilijiuliza: kama mimi ndiye ningekuwa wakili wa mshtakiwa, na video hiyo hiyo ingeletwa dhidi ya mteja wangu, iliyokatwa mwanzo, isiyo na mwenyewe, ningeinyamazia? Hakimu hakukosea. Video haili kiapo. Haiwezi kuulizwa, "Kabla ya hapo kulitokea nini?" Lazima awepo mtu wa kuulizwa kwa niaba yake.

Tangu wakati huo jambo moja limebadilika kwa manufaa. Machi 2020, korona ilipofunga milango ya mahakama, majaji na mahakimu walilazimika kusikiliza kesi kwa njia ya video, na Julai mwaka huo uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki ukaanza Nairobi. Kilichoanza kama dharura kikabaki. Leo kijana yule ningeomba atoe ushahidi akiwa huko huko Ghuba, aapishwe kwenye skrini, aseme simu ilikuwa yake na mkono ulikuwa wake. Huenda tungeshinda, huenda tungeshindwa, lakini tungesikilizwa.

Sasa niwaeleze kesi ambayo, kwa maoni yangu, ilibeba mambo haya yote kwa pamoja. Mei 25, 2020, katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, binti wa miaka 17 alikuwa amekwenda dukani na binamu yake mdogo, akamwona askari amemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti, akatoa simu akarekodi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kwamba mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya. Video ya binti yule ilipotoka usiku ule, taarifa hiyo haikuwa na pa kusimama. Hadi hapo ni habari mnayoijua. Wengi hawakumbuki kwamba mwaka uliofuata binti yule alifika mahakamani, akaapa, akaulizwa maswali na upande wa mashtaka na upande wa utetezi kuhusu alichokiona kabla, wakati na baada ya kurekodi. Na Jaji Peter Cahill, aliyekuwa ameruhusu kesi nzima itangazwe mubashara kwa sababu korona ilikuwa imepunguza viti vya umma, aliagiza kwamba mashahidi waliokuwa watoto siku ya tukio sauti zao zisikike lakini nyuso zao zisionyeshwe. Aprili 20, 2021 askari yule, Derek Chauvin, alipatikana na hatia. Video ilikuwepo, mwenyewe alikuwepo, kamera ya mahakama ilikuwepo, na palikuwa na mtu aliyewaza mapema jinsi ya kuufunika uso wa shahidi bila kuifunika kesi.

Msidhani mambo kama hayo ni ya mataifa tajiri peke yake. Mji wa Bukavu, Kivu Kusini, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani makamanda wawili wa waasi Septemba 2018 kwa makosa dhidi ya ubinadamu waliyoyafanya mwaka 2012 huko Kamananga na Lumenje. Miongoni mwa vielelezo palikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo: ukipiga picha, programu inahifadhi saa, mahali na alama za mitandao iliyo karibu, inaifungia picha ili isiguswe, na nakala yake inakwenda kuhifadhiwa mbali na mikono ya aliyeipiga. Kwa maneno mengine, simu inaanza kuandaa cheti chake dakika ile ile. Wala teknolojia hiyo haikumwondoa binadamu, kwa kuwa wapelelezi bado walilazimika kwenda vijijini na mashahidi bado walilazimika kusema.

Linganisheni na yaliyotokea The Hague. Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud Al-Werfalli wa Libya kwa mauaji ya watu 33, na sehemu kubwa ya msingi wa hati hiyo ilikuwa video zilizosambazwa kwenye mitandao ya kijamii. Ilikuwa hatua kubwa, na wataalamu wakashangilia. Mtuhumiwa hakukamatwa, na Machi 2021 aliuawa kwa risasi mjini Benghazi. Video zile hazikuwahi kukabiliwa na maswali ya wakili wa utetezi, kwa hiyo ninaposikia watu wakisema kwamba kesi hiyo ilithibitisha nguvu ya video za mtandaoni, huwa najizuia. Ilithibitisha kwamba zinatosha kumwita mtu. Kumhukumu ni kazi nyingine.

Jijini Nairobi, Juni 17, 2025, simu za wapita njia zilinasa askari akimpiga risasi mchuuzi wa barakoa, na baada ya hapo askari mmoja alifikishwa Mahakama Kuu kwa shtaka la mauaji. Sitasema neno zaidi juu ya hilo, na kunyamaza kwangu pia ni sehemu ya somo la leo. Hatuna baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, kama la Uingereza, ambako mwaka 2011 mjumbe wa baraza alifungwa miezi minane kwa kuwasiliana na mshtakiwa kupitia Facebook. Kwetu hakimu au jaji ndiye mwamuzi, na tunatarajia kwamba masomo yake yamemfundisha kutoyumbishwa na kelele. Hata hivyo shahidi hakusomea ujaji. Shahidi aliyetazama video moja mara arobaini huanza kukumbuka video badala ya tukio, na wakili mwerevu humgundua kwa maswali matatu.

Nimefika mahali ambapo sina budi kuisema mahakama yenyewe, kwa heshima zote. Mahakama zetu zimekuwa jasiri katika kuwalinda wanaoandika mtandaoni. Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya Andare, ilikitupa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumika kuwakamata watu kwa kile kilichoitwa matumizi mabaya ya kifaa. Februari 2017 ikatupa kosa la jinai la kukashifu. Na Novemba 2018 ikaitupa hata Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 2016, ambayo ilikuwa ngao yake yenyewe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ilipotungwa. Si kila mtu huvunja ngao yake kwa ajili ya kanuni. Lakini mahakama ni watu, na watu huumia. Januari 2024 Mahakama ya Juu ilimwandikia wakili Ahmednasir Abdullahi kwamba haitamsikiliza tena, yeye wala wanaotoka ofisini kwake, kwa sababu ya aliyokuwa akiyasema kuihusu kwenye vyombo vya habari na mitandao. Maneno yake yalikuwa makali, na mengine mimi nisingeyaandika. Bado sioni kwamba tiba ilikuwa hiyo, maana aliyefungiwa mlango pamoja naye ni mteja ambaye huenda hata akaunti ya X hana.

Na haraka ina gharama zake. Mei 2018, nje ya mahakama ya Leeds nchini Uingereza, mwanaharakati mmoja alijirusha mubashara kwenye Facebook akiwazungumzia washtakiwa wa kesi ambayo jaji alikuwa amezuia isitangazwe. Alikamatwa na kufungwa miezi kumi na mitatu siku ile ile. Mahakama ya Rufani ilitengua adhabu hiyo mwezi Agosti kwa sababu mambo yalifanywa mbiombio mno, na hatimaye shauri lilisikilizwa upya mwaka 2019, akapatikana tena na hatia. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ila kwa kukimbia, mahakama ilimpa mwaka mzima wa kujitangaza kuwa ameonewa.

Sasa nirudi kwa binti yangu, namwona pale karibu na dirisha. Umeuliza mtandaoni au mahakamani. Kabla ya yote, usiikate, usiiandike maneno juu yake, na usiitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana huko hubanwa na kupoteza kumbukumbu zake. Ukilazimika, itume kama faili. Hifadhi nakala mahali pengine, na simu yenyewe usiiuze wala usiifute, kwa kuwa wataiomba. Andika leo, kwa mkono wako na tarehe, ulikuwa wapi, saa ngapi, uliona nini kabla hujabonyeza kitufe. Ukiiweka mtandaoni haitakufa kama ushahidi kwa sababu hiyo tu, ila nyuso za watoto na za walioumizwa zifunike kwenye nakala hiyo, na ile ya asili ibaki kama ilivyo.

Halafu kuna siku utakayoitwa. Cheti kitataka jina lako, na wakili wa upande wa pili atakutazama usoni. Tuna Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu mwaka 2006, na nitakusaidia kuandika maombi ikibidi. Lakini najua unaishi mtaa mmoja na watu waliomo kwenye video hiyo, na mama yako ana kibanda pale pale. Sitakuambia uwe jasiri. Mimi silali mtaani kwenu. Njoo ofisini kesho kabla ya saa nne, uje na simu, na uje na mama.